Kumfundisha Mchina kutumia "convenient": mwongozo kamili kwa mwalimu anayezungumza Kiswahili

Ukifundisha Kiingereza watu ambao lugha yao ni Kichina, sentensi hii utakutana nayo mapema: "Are you convenient tomorrow?" Tahajia ni sahihi, kitenzi kipo, maneno yamepangwa vizuri. Mwanafunzi anaona amemaliza kazi. Lakini msikilizaji wa Kiingereza anakwama, kwa sababu ameulizwa jambo ambalo kwa lugha hiyo halimhusu mtu.

Mwongozo huu nimewaandikia Waswahili wanaofanya kazi hii: wanaofundisha wahandisi kwenye kambi za ujenzi wa barabara, wanaowasaidia wenye maduka Kariakoo au Nairobi, na vijana wetu walioko vyuoni China wanaoombwa msaada na wenzao wa bweni. Wengi hulipita kosa hili kwa kusema "usiseme hivyo, sema 'free'", kisha wanaendelea na somo. Wiki inayofuata kosa limerudi. Litaendelea kurudi mpaka mwanafunzi aone mwenyewe kwamba kwa Kiingereza kinachokuwa "convenient" ni saa, mahali, chombo au njia. Mtu ni yule anayenufaika navyo. Sisi tuna bahati, maana Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi hiyohiyo kwa mpangilio huohuo. Nitakifikia.

Hatua ya kwanza: lijue neno la Kichina kabla ya kumsahihisha

Neno analolitafsiri mwanafunzi ni fāngbiàn, 方便. Kamusi nyingi za Kichina na Kiingereza huliwekea "convenient" kama maana ya kwanza, na hapo ndipo safari ya makosa inapoanza, kwa sababu fāngbiàn ni pana kuliko "convenient" kwa mbali.

Tazama swali la kawaida kabisa: nǐ míngtiān fāngbiàn ma? 你明天方便吗? Nǐ ni wewe, míngtiān ni kesho, ma ni alama ya swali. Hakuna kitenzi cha "kuwa". Kivumishi cha Kichina husimama chenyewe kama kiarifu, na katika maelezo ya kawaida hutanguliwa na hěn, 很, yaani "sana". Nafasi ya mwanzo ya sentensi hupewa yule au kile kinachozungumziwa, halafu linafuata jambo linalosemwa juu yake. Uhusiano kamili kati ya viwili hivyo mara nyingi huachiwa msikilizaji. Kwa hiyo "mimi fāngbiàn" na "basi fāngbiàn" zote ni sentensi nzuri. Ya kwanza maana yake nina nafasi, ya pili maana yake basi linarahisisha safari. Mchina hajawahi kulazimika kuchagua kati ya hizo mbili, na sasa Kiingereza kinamlazimisha.

Neno hilo linafika mbali zaidi. Tuǐjiǎo bù fāngbiàn, 腿脚不方便, husemwa juu ya mzee anayetembea kwa shida. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno utapata "My grandmother's legs are not convenient", naye anahitaji kupewa "My grandmother has trouble walking". Shǒutóu bù fāngbiàn, 手头不方便, hutaja mkono lakini maana yake mtu amebanwa kifedha. Kiingereza chake ni "I'm a bit short of money at the moment". Bù fāngbiàn shuō, 不方便说, husemwa na mtu asiyetaka au asiyeruhusiwa kueleza jambo. "I am not convenient to say" ndiyo inayotoka kinywani, na "I'd rather not say" ndiyo inayotakiwa. Kisha kuna qù fāngbiàn yíxià, 去方便一下, ambayo ni tasfida ya kwenda haja, kama sisi tunavyosema kujisaidia. Na zile tambi za kumwagia maji moto ambazo wengi wetu tunaziita Indomie, zao zinaitwa fāngbiànmiàn, 方便面.

Neno lenyewe ni la zamani sana. Watafsiri wa maandiko ya Kibudha walilitumia kwa dhana ya Kisanskriti ya upāya, yaani njia ya kufundisha inayolinganishwa na uwezo wa anayefundishwa. Kumārajīva, mtafsiri mkubwa aliyefanya kazi China mwanzoni mwa karne ya 5, alilitumia kwa maana hiyo. Ukimtajia mwanafunzi mtu mzima habari hii, ataona kwamba umeiheshimu lugha yake, na somo litakwenda vizuri zaidi.

Huhitaji kujua Kichina ili kufundisha haya. Andika tu matumizi hayo sita au saba ya fāngbiàn kwenye karatasi, kila moja na Kiingereza chake sahihi, umwonyeshe mwanafunzi kwamba neno lake moja limegawanyika kuwa maneno mengi upande wa pili. Hofu hupungua. Anaelewa kwamba tatizo ni kamusi iliyomfupishia mambo, wala si uwezo wake.

Hatua ya pili: tumia "kufaa"

Hapa ndipo mwalimu Mswahili anapompita mwalimu mwingine. Sisi tunauliza: "Saa nne inakufaa?" Kiima ni saa nne. Mtu yumo ndani ya kitenzi, katika ile "ku-" ya katikati, kama mtendwa. Kiingereza kinafanya vilevile: "Is ten o'clock convenient for you?" Saa imetangulia, mtu ameletwa nyuma na "for". (Kumbuka tu kugeuza saa unapotunga mazoezi, maana Mchina anahesabu saa kama Mwingereza, na saa nne yetu kwake ni saa kumi.)

Lakini sisi pia tunauliza: "Una nafasi kesho?" Hapa kiima ni mtu, na Kiingereza chake ni "Are you free tomorrow?" Kwa hiyo tunazo sentensi mbili mahali ambapo Mchina ana fāngbiàn moja tu:

Una nafasi? — Are you free?
Inakufaa? — Is it convenient for you?

Nimeona mistari hii miwili ikifanya kazi ambayo kurasa za maelezo ya sarufi zimeshindwa kuifanya. Wachina wengi wanaofanya biashara kwetu tayari wana Kiswahili cha sokoni, na "una nafasi" na "inafaa" ni maneno wanayoyasikia kila siku. Waulize kwa Kiswahili kwanza, wajibu kwa Kiswahili, halafu wahamie Kiingereza wakiwa wameshashika kwamba kuna njia mbili. Kwa mwanafunzi asiye na Kiswahili kabisa, fanya hivyohivyo kwa Kiingereza: upande mmoja wa ubao andika "free", chini yake majina ya watu, upande wa pili andika "convenient", chini yake saa, siku, mahali na vitu.

Kisha fanya zoezi la kadi. Kata vipande vya karatasi uandike nomino moja kwenye kila kipande: Tuesday, my boss, the bus stop, this app, my uncle, six o'clock, the hotel, you, online banking, my driver. Mwanafunzi aziweke kwenye mafungu mawili, zile zinazoweza kufuatwa na "is convenient" na zile zisizoweza. Akiweka "my driver" kwenye fungu la kwanza, usimkatalie mara moja. Mwulize: "Dereva ndiye convenient, au kuwa na dereva?" Atafikiri, na "Having a driver is convenient" itatoka yenyewe. Sentensi hiyo ni nzuri kabisa.

Mweleze pia kwa nini kosa hili lina uzito. Kiingereza hakikatazi "You are convenient" kwa sababu ya sarufi peke yake. Sentensi hiyo ina maana, na maana yake ni mbaya: wewe ni mtu ninayekutumia kwa kuwa uko karibu na hunigharimu kitu. Mhandisi anayemwandikia mteja "if you are convenient" hataki kusema hivyo. Wateja wengi watamwelewa na kumsamehe, lakini ni haki yake kujua kinachosikika.

Hatua ya tatu: fremu ya "it is"

Sentensi kamili ya kufundisha ni hii:

It is convenient for me to come at six.

Wanafunzi wengi waliopitia shule za China wanaijua. Walifundishwa kwamba "it" hapo ni xíngshì zhǔyǔ, 形式主语, kiima kinachoshika nafasi tu huku kiima halisi, "to come at six", kikikaa mwishoni. Kwenye mtihani wanaijaza bila tabu. Wakianza kuzungumza inawatoka, kwa sababu mazungumzo huanzia kwa mtu, na mtu huyo ni "I". Kwa hiyo usifundishe upya kanuni wanayoijua. Kazi yako ni kuifanya itoke mdomoni kwa kasi ya maongezi.

Njia inayofaa ni kubadilisha kipande kimoja tu kila mara. Wewe sema "at six", mwanafunzi aseme sentensi nzima. Sema "on Friday", aseme nzima. Sema "for my wife", kisha "to meet here", kisha "to pay by phone". Baada ya dakika tano mwanzo wa sentensi unakuwa umeshikamana, "it's-convenient-for", na ulimi hauutafuti tena. Sikiliza makosa matatu: kusahau "to" ("convenient for me come"), kusahau "for" ("convenient me to come"), na kurudi kwa "I am".

Jambo la "for" na "of" litaulizwa, kwa kuwa vitabu vyao vinalisisitiza. "It's kind of you to help" inatumia "of" kwa sababu wema ni sifa ya mtu mwenyewe. "It's convenient for you to help" inatumia "for" kwa sababu hatusifu tabia ya mtu; tunasema jinsi hali ilivyo kwake. Hii inathibitisha kanuni ya hatua ya pili kwa njia nyingine.

Hatua ya nne: "The traffic is very convenient"

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu litatokea karibu kila insha ya "my hometown". Jiāotōng, 交通, kwa Kichina ni usafiri wote kwa jumla: barabara, mabasi, reli, mwendo wa watu na mizigo, na magari barabarani. Jiāotōng hěn fāngbiàn ni sifa ya kawaida ya mtaa mzuri, ikimaanisha ukitoka hapo unafika popote bila taabu. Mwanafunzi anafungua kamusi, anakuta "traffic", anaandika "The traffic is very convenient".

Kwa Kiingereza "traffic" ni magari yaliyoko barabarani, na kwa kawaida yanatajwa yanaposumbua. Sifa zinazokaa nalo ni "heavy", "light", "slow", "bad". Sisi nasi tujihadhari, kwani mtaani kwetu trafiki ni askari wa barabarani, na msongamano tunauita foleni. Mwalimu asiyetenganisha maneno hayo atachanganya mambo mara mbili.

Mpe mwanafunzi badala tatu, na umwambie achague kulingana na anachotaka kusema. Akisifu mabasi na treni: "Public transport is good here." Akisifu urahisi wa kuzunguka mji: "It's easy to get around." Akisifu nyumba yake ilivyo karibu na kila kitu: "My flat is in a convenient location." Hiyo ya tatu inalirudisha neno "convenient" mahali linapostahili, juu ya mahali. Kisha mwombe aelezee mji wake kwa kutumia zote tatu. Mtu wa Chengdu au Guangzhou ana mengi ya kusema juu ya treni za chini ya ardhi, na wa Dar es Salaam anaweza kumjibu kwa habari za mwendokasi. Somo linakuwa maongezi ya kweli.

Usimkatishe tamaa kwa kudhani kila "convenient" yake ni kosa. "Mobile payment is very convenient" ni sahihi na ni ya kawaida. "The high-speed train is fast and convenient" pia. Mpe alama zake.

Hatua ya tano: kujua lini kuliacha neno

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayomtofautisha mwanafunzi anayepita mtihani na yule anayezungumza vizuri. Wazungumzaji wa Kiingereza hawasemi "convenient" mara nyingi kama Mchina anavyosema fāngbiàn. Kwenye maongezi ya kila siku neno hilo lina ugumu fulani wa kiofisi.

Kuuliza saa, wanasema "Does six work for you?" au "Is six OK?" Uingereza, na kwetu pia kwenye Kiingereza cha ofisini, utasikia "Does Friday suit you?" Kitenzi "suit" ndicho ndugu wa karibu kabisa wa "kufaa": siku ni kiima, mtu ni mtendwa, hakuna hata "for" ya kukumbuka. Kama mwanafunzi wako anasumbuliwa sana na fremu ndefu, mpe "suit" kwanza.

Kabla ya kuanza kuongea na mtu kwenye simu, Mchina muungwana huuliza fāngbiàn ma? Kiingereza chake ni "Is this a good time?" au "Can you talk now?" Akiombwa namba ya WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, husikia fāngbiàn jiā ge Wēixìn ma? Kiingereza chake ni "Can I add you on WeChat?", bila urahisi wala nafasi kutajwa popote. Anapomwomba mkubwa wake jambo "ukipata nafasi", zài nín fāngbiàn de shíhou, 在您方便的时候, kwa maongezi inatosha "when you have a moment".

Kuna jambo moja la adabu ambalo lisipoelezwa linaleta kutoelewana. Mchina akisema bù tài fāngbiàn, 不太方便, mara nyingi anakataa kwa upole, na anayesikia anajua mambo yameishia hapo. Akiisema kwa Kiingereza, "It's not very convenient", msikilizaji huelewa kwamba saa hiyo ndiyo mbaya, kwa hiyo anapendekeza saa nyingine. Kisha nyingine tena. Mchina anaona anasukumwa. Mwenzake anaona anasaidia. Mfundishe aseme waziwazi: "I'm afraid I can't, but thank you for asking." Na wewe mwenyewe ukiambiwa "not convenient" na mwanafunzi wako, usiharakishe kuuliza "basi lini?"

Hatua ya sita: neno la pembeni, "to" au "for"

Hili ni fupi. Kabla ya mtu, "for". Kabla ya kitenzi, "to". Kabla ya mahali, Waingereza husema "convenient for the station" na Wamarekani husema "convenient to the station", wote wakimaanisha karibu na kituo. Chagua moja ufundishe hiyo. "Convenient with" haipo.

Hatua ya saba: matamshi

Neno lina silabi nne, con-ve-ni-ent, na mkazo uko kwenye ya pili, "ve", inayovutwa. Ukizungumza haraka zile mbili za mwisho hukaribiana kuwa moja.

Mwanafunzi anayezungumza Kichina sanifu hana sauti ya "v" katika lugha yake, hivyo utasikia "conwinient". Mwambie aguse meno ya juu kwa mdomo wa chini, atoe "f" ndefu, halafu awashe sauti kooni bila kusogeza mdomo. Aweke vidole kooni ahisi mtetemo. Wanaotoka sehemu za Sichuan, Hunan au Hubei huenda pia wakachanganya "n" na "l". Mwisho wa neno, "nt", ni mgumu kwa wote, kwani silabi za Kichina haziishii kwa konsonanti mbili. Wengine watadondosha "t", wengine wataongeza irabu baada yake. Kudondosha si tatizo kubwa, kuongeza irabu kunasikika zaidi.

Sasa upande wetu. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bila kuangalia tutasema "conveNIent" na kumalizia na "i" kidogo. Mwanafunzi ataiga kile anachosikia. Kabla ya somo hili, jirekodi kwenye simu ukisoma sentensi tano zenye neno hili, usikilize, na ulinganishe na sauti ya kamusi ya mtandaoni. Inachukua dakika chache, na mwanafunzi wako anastahili hilo.

Tahajia pia iangalie: "convinient" huandikwa sana, na Wachina na sisi.

Hatua ya nane: jamaa za neno

"Inconvenient" hufuata kanuni zilezile, juu ya kitu na si juu ya mtu. "Inconvenience" ni usumbufu, na tafsiri yake haina shida: "Sorry for the inconvenience" ni samahani kwa usumbufu.

"Convenience" inahitaji uangalifu zaidi. Wanafunzi wa China huandika kwenye insha "The Internet brings us a lot of convenience", wakitafsiri dàilái fāngbiàn, 带来方便. Sarufi yake inasimama, lakini msomaji wa Kiingereza anaisikia kama tangazo. "The Internet makes life easier" ni nyepesi na ya kweli zaidi. Ukikuta "brings convenience" mara tatu kwenye ukurasa mmoja, mwache mwanafunzi abakize moja, nyingine azigeuze kwa "easier", "saves time" au "means we can". Hili zoezi la kugeuza lina faida kuliko kulipiga neno mstari mwekundu.

Kwenye barua za biashara utakutana na "at your earliest convenience". Kwa juu inasema "mara tu itakapokufaa", lakini wengi huisoma kama "fanya haraka". Kwa mkubwa au mteja mpya, "whenever it suits you" ni salama zaidi. Na mwanafunzi akienda Uingereza akakuta kibao kilichoandikwa "public conveniences", atafurahi kujua kwamba ni vyoo vya umma. Kiingereza nacho kimefika palepale Kichina kilipofika na qù fāngbiàn.

Kwa waliobobea, ongeza matumizi ya shaka. "How convenient!" ikisemwa kwa sauti ya kejeli mtu anapotoa kisingizio ina maana "ajabu, imekufaa sana hiyo". "He conveniently forgot" ni alisahau kwa sababu kusahau kulimfaa. Mwanafunzi asiyejua hili anaweza kudhani amesifiwa.

Hatua ya tisa: jinsi ya kusahihisha

Kosa likitoka katikati ya maongezi, usisimamishe kila kitu. Uliza tu: "What's convenient?" Mwanafunzi aliyepitia hatua ya pili atajibu "Oh, tomorrow. Is tomorrow convenient for you?" Amejirekebisha mwenyewe, na mkitumia swali hilo hilo kila mara atafika mahali anajiuliza kimyakimya kabla ya kusema.

Kwenye maandishi, usiandike jibu sahihi. Zungushia kiima, si "convenient". Wengi huzungushia kivumishi, na mwanafunzi anakwenda kutafuta kivumishi kingine, anarudi na "Are you comfortable tomorrow?", jambo ambalo ni baya zaidi.

Mpe kazi ya nyumbani inayotokana na maisha yake: afungue ujumbe wake wa WeChat wa wiki hiyo, atafute mahali alipoandika 方便 au alipoandikiwa, na atafsiri kila sehemu kwa Kiingereza cha kawaida. Asikuonyeshe ujumbe wenyewe, tafsiri tu. Atakuta kwamba sehemu chache ndizo zinazohitaji "convenient", na ugunduzi huo akiufanya kwenye maneno yake mwenyewe hausahauliki upesi.

Hatua ya kumi: vivumishi vingine vya ukoo huu

Akishaliweza hili, usimwache hapo. "Possible", "impossible", "necessary", "difficult" na "easy" vina mtego uleule. Utasikia "I am possible to come" badala ya "I may be able to come", "You are necessary to bring your passport" badala ya "You need to bring your passport", na "I am difficult to learn English" badala ya "It's difficult for me to learn English".

Ila kuna sentensi zinazofanana na hizo ambazo ni sahihi: "He is easy to talk to", "My boss is impossible to please". Mwanafunzi makini atakuuliza kwa nini, na ni lazima uwe na jibu. Kipimo ni kumrudisha mtu mwishoni, baada ya kitenzi. "It's impossible to please my boss": bosi ndiye anayeridhishwa, sentensi inakubali, kwa hiyo anaruhusiwa kwenda mbele. "It's difficult to learn English me" haikubali, kwa sababu mimi ndiye ninayejifunza na kinachojifunzwa ni Kiingereza. Kinachoweza kwenda mbele hapo ni Kiingereza chenyewe: "English is difficult to learn."

Anza na sentensi hizi sita, azipime moja moja kwa sauti kabla ya kusema ipi ni sahihi: "My father is hard to understand." "My father is hard to understand English." "This road is easy to find." "I am easy to find this road." "She is necessary to sign here." "The manager is impossible to reach." Ya kwanza, ya tatu na ya sita zinapita.